Daftari la Mbaazi

Nyumba ina vyumba sita na funguo tisa.
Tatu sijui zinafungua nini; nimezibeba miaka kumi na miwili.
Asubuhi nafagia mavi ya popo ushorobani,
naandika tarehe kwenye kitabu cha wageni,
nakaa kuwasubiri wanaotaka kujua
Kilua Semhando aliwaza nini humu,
Barabara ya Kumi na Moja, Ngamiani.
Jana walikuja watatu. Mmoja alitaka choo.
Waja leo waondoka leo, na hawa hata chai haikupoa.

Alikuwa karani wa mizigo stesheni.
Mchana alihesabu marobota ya katani;
usiku, nyuma ya stakabadhi za marobota yaleyale,
aliuliza: kitu kikishahesabiwa,
hubaki nini ambacho hesabu haikukigusa?
Stakabadhi mia nne na kumi na mbili.
Mchwa wamekula thelathini.
Sijamwambia mtu kwamba hukaa nikikisia yaliyoliwa,
na siku nyingine najiona nimekaribia.

Sasa bodi imepata fedha.
Bwana Shekimweri, mweka hazina, alikuja na ramani,
akaitandaza juu ya kitanda cha marehemu, kamba zikalia.
Hapa ukumbi wa mihadhara. Hapa maktaba.
Hapa mgahawa, na hapa choo cha wageni
(choo nilikiunga mkono).
Vyote viko ng'ambo ya ukuta,
kwa Bi Mwanamkasi.

Nikatumwa mimi.
Nilimkuta uwani anapepeta mbaazi.
Alinisikiliza mpaka mwisho, bei na yote,
akaingia ndani, akatoka na daftari
lililofungwa kwa kipande cha leso.
"La mama hili. Soma, si ndiyo kazi yako?"

Herufi za Kiarabu, Kiswahili chetu, mkono usio na haraka:

*Kilua, mbaazi na mahamri mawili, senti thelathini.*
*Kilua, mbaazi bila mahamri.*
*Kilua hakula. Alikaa juu ya mbuzi mpaka adhuhuri,*
*nazi zangu sikukuna.*
*Kilua, chai. Kaniuliza mimi naonaje. Nimemjibu.*
*Kilua, mbaazi. Asema jibu langu limemnyima usingizi.*

Jibu lenyewe hakuliandika.

Miaka yote nawaonyesha wageni meza,
nawaambia hapa ndipo alipofikiri.
Meza niliinunua mimi, soko la Mgandini,
ya kwake ilishakuwa kuni.
Kumbe mtu alikuwa huku, kwenye moshi,
anamkalia mwenzake mbuzi.

Jumla, ukurasa wa mwisho:
shilingi kumi na nne na senti sitini. Haijalipwa.

Nikasema upesi, bodi italipa, na riba juu,
daftari tutaliweka ndani ya kioo,
jina la mama yako kwa herufi kubwa.
Akacheka, akarudia ungo wake.
"Mkinilipa nitapiga mstari.
Mtu asiyedaiwa, nani ana haja ya kumtaja?
Mwacheni adaiwe.
Na ukuta siuzi.
Ila hao wako wanaohangaika na choo, walete."

Kikao kimesogezwa hadi Mfunguo Mosi.
Ramani ingali kitandani; popo wameshaitia sahihi.
Leo saa nne nimepata wawili kutoka Korogwe,
nikawazungusha kwa nyuma,
nikawa nahangaika na zile funguo tatu, mmoja mmoja,
kwenye mlango wa uani kwake,
kabla sijaona kwamba hauna kitasa.

Wameondoka. Mimi nimebaki, nimekula,
nimepapasa mfuko, sina chenji.
Bi Mwanamkasi kafungua ukurasa mpya,
kaazima kalamu yangu,
na baada ya miaka kumi na miwili ya ujirani
kaniuliza jina langu kamili.