Kabla ya Hodi

Barua ilifika saa nane usiku, mvua ya Julai
ikipiga mabati ya Valdivia kama mtu anayedai deni.
Ilikuwa imefungwa kwa ufunguo wangu;
aliyeiandika alifunzwa adabu.
Yoon Da-gyeom, mwanafunzi, Daejeon:
"Samahani kukusumbua. Nimeingia bila nywila."

Nikaongeza kuni jikoni. Nikasoma tena.

Programu yetu tuliiita Tragaluz,
kile kitundu cha kioo juu ya paa kinachoingiza mwanga:
ukae hapa, uione kompyuta ya kule,
ukishike kipanya chake kwa mkono wako wa huku.
Tuliitoa bure, msimbo wazi, asome anayetaka.
Miaka ikapita, hakusoma mtu
ila huyu kijana, na labda
wengine wasioandika barua.

Kosa lenyewe dogo, la aibu.
Mgeni anafika; kabla hatujamuuliza u nani
anatuambia, "Nimebeba mzigo wa ukubwa huu,"
nasi tunamwamini, tunamtengea nafasi,
kisha anashusha mara kumi ya alichotaja
na mzigo unamwagika hadi chumba tunacholala.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Apone wapi?

Nikaufuatilia mstari ule: nani aliuandika?
Nilitarajia Anselmo, aliyetuacha akaenda kuuza bima.
Hasira nilikuwa nimeshaiandaa.
Jina lilikuwa langu.
Miaka tisa nyuma, Jumapili, saa tano usiku,
na maelezo niliyoyaacha pembeni: "Itatosha kwa sasa."

Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta walisema kweli,
lakini hawakuziba ufa mbele ya macho ya dunia.
Kiraka kipya kinang'aa. Kinamwonyesha mwizi
mahali hasa ukuta wa jirani ulipo mwembamba,
na majirani zangu ni wengi, wamelala,
mmojawapo zahanati ya Achao, kisiwani,
ambako nesi Rosamel hufungua picha za mapafu
ili daktari wa bara azisome.

Siku kumi na moja nikabeba siri kama yai mdomoni.
"Una nini?" mume wangu akauliza. "Mvua," nikasema.
Nikawaandikia wasambazaji, mmoja mmoja, kwa kufuli:
jiandaeni, msiseme, Jumanne saa tisa.
Wawili walijibu. Mmoja alitaka kujua bosi wangu nani.
Da-gyeom akakijaribu kiraka changu cha kwanza,
akakitoboa kwa dakika arobaini. Akaomba radhi tena.
Cha pili alikishambulia hadi kwao kukakucha.
Kikasimama.

Jumanne. Mistari minne tu.
Nikaweka jina lake juu, langu chini,
na kosa katikati, uchi kama lilivyozaliwa;
mficha uchi hazai.
Kisha nikampigia Rosamel, maana zahanati haisomi matangazo.
"Nibonyeze wapi? Hapa pameandikwa *Baadaye*."
"Usibonyeze hapo. Mimi nilibonyeza hapo miaka tisa."
Hakunielewa. Nikasikia mbwa wake, redio yake
ikitangaza kwamba feri imesitishwa kwa upepo,
na kiti kikilia alipoinama kutazama.

"Imewaka," akasema. "Sioni tofauti yoyote.
Picha zipo. Ndiyo hivyo tu?"

Ndiyo hivyo tu, nikamwambia,
na nikaketi muda mrefu na simu mkononi.