Mtafsiri wa Filamu, Mwanjelwa

Chumba changu cha kurekodia kilikuwa stoo ya viazi.
Ukutani nimegongelea magodoro mawili
ili honi za bajaji zisiingie kwenye mapenzi ya watu.
Harufu ya udongo wa Isyonje haijatoka bado.
Hapa ndipo nilipowafundisha Wakorea na Wahindi
kugombana kwa Kiswahili cha Mbeya.

Miaka kumi na mmoja nawatia watu maneno kinywani.
Na wale wanaume wawili, kila walipotokea,
niliwajua kabla hawajasema:
taa inageuka ya bluu, mvua inaanza,
kinanda kinalia kwa kidole kimoja.
Nami nilijua kazi yangu.
"Hawa ni ndugu," nilisema, "baba mmoja, mama mbalimbali."
Mkono ukikawia begani: "Anamdai hela."
Wakilia: "Shamba la marehemu limeuzwa."
Kibanda kizima kikacheka, mia tano kwa kichwa.

Ndugu ni neno pana, kama blanketi.
Nililivuta likafunika hadi nyuso zao.

Lakini hata nisiowagusa hawakupona.
Filamu zenyewe zina njaa nao.
Huyu atazama mtoni, yule atakwenda na homa,
wa tatu atagongwa na gari
dakika mbili baada ya kulitamka neno lenyewe.
Anayebaki hai ni wa kuchekesha:
kiuno, mkoba, sauti ya filimbi,
shoga wa bibi harusi, hana kwao,
hana mama wa kumpigia simu Jumapili.
Sijawahi kuona wawili wanakula tu.
Mmoja anasema chumvi imezidi.
Mwingine anasema, kula hivyohivyo.

Gwamaka.
Ule msimu tuliopakia viazi, Juni,
tulikuwa na miaka ishirini na mitano,
tukilala juu ya magunia, umande umeganda kwenye nyasi.
Alikuwa akichimbua kiazi majivuni,
anakipuliza, anakipasua,
nusu isiyoungua ananipa mimi.
Hakikulia kinanda.
Hakuna aliyesema kitu, nami, mtu wa maneno,
nilitafuna.
Hakufa. Hakugongwa na gari.
Yuko Makambako, anauza mbao, ana watoto wanne,
na kila mwaka mpya ananitumia ujumbe:
Vipi, mzee wa sinema?
Najibu: Poa.
Hiyo ndiyo tafsiri yangu mbaya kuliko zote.

Wiki iliyopita nililetewa filamu kwenye flashi,
lugha yake hata siijui.
Wanaume wawili wenye mvi wanaezeka paa.
Mmoja yuko juu, mwingine ameshika ngazi.
Nikasubiri ngazi iteleze. Haikuteleza.
Nikasubiri mvua. Jua liliwaka kama la Usangu.
Yule wa juu akashuka, na huyu wa chini
akamtoa kibanzi nyweleni, taratibu,
akakitazama, akakitia mfukoni.

Neno lilikuwa tayari ulimini. Nd...
Nikazima maikrofoni.
Sekunde arobaini.

Jumatatu nilikwenda Uyole, nikakaa benchi la nyuma.
Ilipofika pale, kelele: "Spika imekufa!"
"Rudisha hela yetu!" Mwenye kibanda akainuka,
akaipiga spika kofi, mara mbili.
Lakini benchi la tatu, mtu mmoja mwenye mabuti ya maziwa,
mtu mzima, kofia ya sufu hadi masikioni,
hakupiga kelele. Aliinama mbele kidogo,
viwiko magotini,
kama anayesikiliza mlango wa chumba cha pili.

Kibanzi kikaingia mfukoni.
Mtu yule akashusha pumzi,
akaivua kofia yake,
akaishika.