Kuoka Kanda

Baba hakuacha wosia.
Aliacha kabati chini ya ngazi, mlango umevimba kwa unyevu,
na ndani, nyuma ya mabuti ya bustani,
masanduku kumi na manne ya kanda za sauti,
kila moja na mwandiko wake wa penseli:
Todmorden. Halifax. Burnley, mvua kubwa. Todmorden tena.

Shangazi Glenys akasema, Tupa,
hizo ni kelele za vijana waliokwisha kuzeeka.
Lakini hakubanduka kizingitini.

Kanda ya siku nyingi hunata. Gundi yake hutoka jasho;
ukiicheza hivyo hivyo italia kama paka aliyebanwa,
iache ngozi yake kwenye kichwa cha mashine.
Bwana Fothergill, fundi wa Leeds, akaniambia kwa simu:
Ioke.
Nikacheka. Akarudia:
nyuzi hamsini na nne, kwa muda wa saa nane,
uwe unaigeuza kama chapati, na usiipoze ghafla.

Basi nikaoka,
kwa mashine ya kukaushia tufaha niliyoazima kwa jirani.
Jiko likanuka plastiki na matunda ya mwaka jana.
Shangazi akauliza kama itahitaji siagi.

Novemba, sabini na nane,
ukumbi wa wafanyakazi wa kiwanda cha pamba.
Kwanza hakuna muziki. Kwanza ni viti,
glasi, mtu anakohoa vumbi la kazini,
waya unachomekwa, spika zinaguna.
Kisha wakaanza, Mvua ya Jumanne,
vijana wanne wasiokumbukwa na yeyote
ila waliowadai.
Gitaa limekwenda upande,
mwimbaji kasahau ubeti wa pili
akaurudia wa kwanza, kwa hasira zaidi.
Ngoma ziko mbali, mtu anapasua kuni bonde la pili.

Sahani yao ninayo, ile moja waliyotoa.
Imenyolewa, imepakwa mafuta, imefungwa tai.
Sikio halilali na njaa, husemwa;
langu miaka yote lilikuwa likilishwa makapi.

Baada ya wimbo wa tatu, tangazo:
Mwenye Cortina nyekundu, umeacha taa zinawaka.
Ukumbi mzima kicheko.
Halafu, karibu mno na maikrofoni,
karibu hata nikageuka kutazama mlango,
sauti ya baba, haijapata mikwaruzo, haijapata mimi:
Ni yangu hiyo. Kaa hapa, Glen. Usiguse kitu.
Na msichana, miaka kumi na tisa, anatafuna kitu:
Nitagusa.

Akagusa.
Wimbo wa nne ukaingia na ngoma zikaja mbele, ee!
Barnaby Thwaite, aliyekuwa bonde la pili,
sasa yumo jikoni mwetu,
anapiga kama mtu anayeamsha watu
katika nyumba inayoungua.
Vijiko vikatikisika kwenye droo. Au nilidhani hivyo.
Besi ikamfuata, haina la kufanya,
na yule mwimbaji msahaulifu
akakumbuka kila neno.

Mlango. Hatua zilizolowa.
Umegusa.
Nimegusa.
Kimya kidogo, kibiriti kikawashwa,
na baba, mtu aliyepima hata chumvi ya yai,
akaacha ngoma palepale zilipo
hadi kanda ikaisha, ikabaki kuzunguka,
tap, tap, tap, mkia wake ukichapa hewa.

Shangazi hakusema kitu.
Kidole chake kilikuwa mezani, kando ya kikombe,
kikisukuma mbele, taratibu,
kitu ambacho hakikuwepo.

Akainuka, akaosha kikombe kilichokuwa safi.
Akayapanga masanduku upya,
akaupitisha mkono juu yake, akasita kwenye la tatu.

Hiyo ya Burnley, alisema akinipa mgongo,
usiioke nikiwa sipo.