Dakika Nilizozikata

Ukumbi wa Kaloleni, Jumamosi, mvua ya Aprili.
Shuka la mama limetundikwa ukutani badala ya skrini;
paka alilitoboa pembeni, upande wa kushoto,
kwa hiyo mto Tana, ukipita pale, una tundu.

Watu hamsini na kitu, nusu yao wamefuata chai.
Nikawaonyesha gogo la mkuyu
na tezo iliyolichimba siku tisa:
kwenye filamu, pumzi nne.
Nikawaonyesha kafi likikata maji bila kuyaamsha,
na viboko, masikio tu juu ya maji,
yakichezacheza kama wasengenyaji.

Hiribae, mwenye kafi, alikuwa kiti cha nyuma
katika koti la ulinzi la godauni ya Lunga Lunga.
Zamu yake saa tatu. Disemba nilimrudisha kwao Ngao,
akapiga kafi, nami nikapiga picha.

Ikafika jioni ya mchangani.
Hiribae wa shukani akasimamisha ulindi juu ya ulimbombo,
akapekecha. Moshi. Cheche. Moto.
Sekunde ishirini!
Watoto wakashangilia.
Hiribae wa kiti cha nyuma akaniinamia sikioni,
wala hakuwa na hasira:
“Hapo umeniibia.”

Kweli.
Usiku mmoja, Ngara, mbele ya kompyuta,
nilikata dakika kumi na moja:
ulindi uliovunjika,
matusi ya Kipokomo nisiyoyaelewa,
tone la jasho lililoangukia kishimoni likaua cheche,
na jinsi alivyonyamaza, akaugeuza ulimbombo taratibu
kama unavyomgeuza mtoto aliyelala vibaya.
Nani atayatazama haya, nilijiuliza.
Mtu anayeshindwa ni mrefu mno kwa filamu.

Kabla sijamjibu, stima ikakatika.
Mto ukafutika na mtumbwi wake.
Shuka likarudi kuwa shuka.

“Zimeni simu,” akasema Hiribae.
Sauti hiyo sikuwa nimewahi kuirekodi.
Akapiga magoti kwenye saruji,
akatoa mfukoni vijiti viwili na kumvi za nazi.
Kumbe hulala navyo lindoni:
mlinzi na ulindi wake.

Kisha giza, na kri, kri, kri.
Mvua juu ya mabati. Kri, kri.
Mtu akakohoa.
“Kaka, kiberiti ninacho,” mwingine akasema,
tukacheka, tukachoka kucheka.
Kri. Kimya. Kijiti kimeteleza.
Tusi la Kipokomo,
na safari hii nikalielewa.
Kri, kri.
Harufu ilitangulia, ya mti uliokasirika,
halafu nukta moja nyekundu,
ndogo kuliko mbegu ya pilipili.

Stima ikarudi.
Ukumbi mzima ukalipuka kwa vifijo,
vyote vya stima.
Mtumbwi ukaendelea na safari, juani, kwa kasi yangu.

Apondi peke yake, binti wa muuza chapati,
hakugeuka kutazama.
Alichuchumaa na kumvi viganjani,
akiipulizia ile nukta kama anayepoza uji,
huku Hiribae akitazama saa, akifunga vifungo vya koti,
akimwambia: polepole, polepole, usiitishe.

Mimi sikutazama saa.
Ila chai yangu, niliyoiacha ikifuka,
ilikuwa imeota utando.