Mawe Manne ya Minsilu

Alirithi mawe manne ya shaba, basi:
la gramu moja, la tatu, la tisa, la ishirini na saba.
Baba yake, mfamasia, alikuwa na sanduku zima.
Vita vilikula mengine, au njaa. Hakusema.

Kazan, mwezi wa Februari. Volga imeganda,
na bibi yangu anauza mnaanaa mkavu na mizizi ya kuleta usingizi
kwenye meza ya mbao karibu na kituo cha tramu.
Prokhor, wa meza ya pili, ana mawe kumi na mawili,
yamepangwa kama meno.
"Kwa manne utapima nini, Minsilu? Njaa yako?"

Alipima kila kitu hadi arobaini.

Tano? Tisa kulia;
tatu na moja kushoto, pamoja na dawa.
Ishirini? Ishirini na saba na tatu huku,
tisa na moja kule,
kama majirani wanaoazimana chumvi.
Hakuna uzito wenye njia mbili. Hakuna usio na njia.
Nilitafuta majira mazima ya baridi, kwa penseli, nikashindwa.
Na ukitaka kujua kama hesabu ni shufwa au witiri
usigawe kitu:
hesabu mawe yaliyo kazini.

Alinifundisha hivi, na maneno nayo akayapima:

Dawa weka kitangani, jiwe kubwa likivuta,
usihangaike ndani, dogo lake utapata,
litie upande duni, waache wakikusuta;
ikitulia mizani, kila deni lajifuta.

Daftari la madeni aliliandika vivyo hivyo:
mstari, na kijiti juu yake kwa jiwe la kulia,
kijiti chini yake kwa jiwe la kushoto,
nukta kwa jiwe lililolala sandukuni.
Tauziha alidaiwa kumi na nne:
juu, chini, chini, chini.
Siku moja akasimamisha kioo cha mkononi
chini ya mstari ule, akaniita.
Ndani ya kioo: chini, juu, juu, juu.
"Tazama," akasema, "huku sisi ndio tunaodaiwa na Tauziha."
Akacheka mpaka skafu ikamtoka.

Ila kumi na tatu iliniogopesha.
Tisa, tatu, moja, yote kulia, yametulia kama watu mezani.
Ongeza gramu moja tu
na yote matatu yanahama,
yanavuka kwenda kukaa na dawa,
na lile kubwa linaingia peke yake upande wa pili.
Barua kuhusu mjomba Rifgat
haikuzidi uzito huo.
Kesho yake kitanda, viti, birika la chai,
vyote vilikuwa upande mwingine wa chumba.
Sikumwona akivisogeza.

Alipotimiza themanini na moja
nilijaribu kumwandika daftarini mwake.
Kijiti juu. Kisha nukta, nukta, nukta, nukta.
Mawe yake yote manne yamelala,
na mbele yao limesimama
jiwe ambalo hakuwahi kulishika.

Aliutazama mstari muda mrefu, miwani puani.
Kisha akauliza kama Prokhor analo,
na angelitaka kwa kiasi gani.