Kibubu

Miaka mitatu nilikilisha
kutoka mifukoni mwa suruali zako, Shekue,
kila Jumamosi kabla sijaloweka:
hamsini, mia,
mara moja mia mbili yenye harufu ya sigara
uliyoniapia umeiacha.
Hukuuliza. Sikusema.

Leo nimekivunja kwa mchi.
Mangi wa Barabara ya Nane,
aliyechoka kurudisha chenji ya pipi,
amezipanga mafungu mafungu juu ya kaunta,
akanipa noti tatu, na asante.

Nyepesi mno, noti. Hazilii.

Ada ipo. Deni la mkaa lipo.
Nimeyapita yote kwa miguu
mpaka Raskazone,
nikaagiza pweza na soda mbili.

Moja ilikuwa yako.
Ilianza kupoa ubaridi wake;
nimeinywa.