Mhojiwa wa Thelathini na Moja

Picha niliikuta ofisi ya chama cha msingi, Uru,
nyuma ya mizani mbovu na makopo ya dawa ya mibuni.
Karani alipangusa kioo kwa mkono wa sweta:
wanaume tisa, makoti, kofia mapajani,
na chini yao, kwa taipu iliyokuwa ikiruka herufi,
majina yote, la mtu na la ukoo,
kutoka kushoto kwenda kulia,
mpaka mstari unafika ukingoni na kuchoka:
*na wanawake wawili.*

Nilishuka Moshi na nakala kwenye simu.
Msimamizi wangu akafurahi. "Hii ndiyo sura ya tatu," alisema,
"kutoonekana." Akalipigia neno hilo mstari mara mbili,
kana kwamba lingetoroka.

Mwezi wa saba nikapanda tena, na dodoso,
kurasa sita, maswali arobaini na mawili.
Baridi imekaa juu ya migomba kama mgeni asiyeaga.
Swali la tisa: kazi yako ni ipi? Weka alama kisandukuni.
Mmoja alinijibu ana mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani,
mtoto mgongoni, simu ya kikoba sikioni:
"Andika sina kazi. Anayefanya kazi ni baba watoto."
Baba watoto alikuwa amelala.
Niliandika.
Ndiyo kazi yangu mimi, kuandika.

Wa thelathini na moja alinikaribisha jikoni.
Akanisogezea kigoda, akaishika simu mbali na uso,
vile mtu anavyomshika kuku anayetaka kudonoa.
Nilingoja machozi. Nilishayatengea nafasi daftarini.
Akacheka.
"Ala! Hili gauni wala si langu.
Tulikuwa tunapita na kuni. Mpiga picha akasema
upande wa kulia kuna mwanya, njooni mzibe.
Kuni ziko hapo chini. Hazikuingia."

Kisha akanyamaza, akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.
"Huyu ni Ludovika, wa kwa Mmasi, kule juu ya mfereji.
Ana mimba ya miezi saba, ndiyo maana kasimama ubavu.
Krismasi haikumkuta."
Maswali arobaini na mawili, na hakuna hata moja
lililokuwa na mlango wa kumpitisha Ludovika.

Nikamsomea fomu ya ridhaa, taratibu, kama ilivyo:
jina lako halitatajwa, utaitwa kwa namba,
kwa ajili ya usalama wako.
"Usalama na nani?"
Nikageuza karatasi, kama kwamba jibu liko nyuma.
"Wale hawakuniuliza jina, hawakuliandika. Sawa.
Wewe umepanda mlima na mvua, umeuliza,
nimekutajia, umeandika,
halafu unafuta?
Mwanangu, afadhali wao."

Nilimtolea kidau cha wino wa dole gumba. Akakisukuma.
Akaomba kalamu, akaandika herufi moja moja,
kama anayepanda maharage kwenye mstari wa kamba:
la ubatizo, la nyumbani, la baba, la mume,
na la mama yake, ambalo fomu haikuliuliza,
likavuka kistari, likapanda pembezoni,
likapita juu ya nembo ya chuo na kuikata katikati.

Tasnifu ilipita, na marekebisho madogo.
Ukurasa wa themanini na nane yumo:
*M31 (kicheko).*
Fomu iko kabatini, ghorofa ya pili, ufunguo ninao mimi.
Kanuni inasema ikitimia miaka mitano ichomwe.
Imebaki miwili.

Na lile gauni,
nilisahau kumuuliza
lilikuwa la nani.